Mfuko kwanza, misitu baadaye

Umeuliza nini kinamsukuma mteja kununua bidhaa rafiki kwa mazingira. Kwa ninavyoona mtaani, mara nyingi ni mfuko wake. Chukua jiko banifu, lile la bati lenye udongo wa kuchoma ndani. Mama lishe wa hapa kwetu hakulinunua kwa kuhurumia misitu, alipiga hesabu ya mkaa. Jiko la zamani lilimaliza kopo zima kabla maharage hayajaiva. Hili, kopo hilohilo linafika hadi chai ya jioni. Majirani walipoliona wakaanza kuuliza bei. Tangazo gani litashinda hapo?

Sheria nayo inasukuma. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na vikapu vikatoka uvunguni. Wanaojali mazingira kwa dhati wapo, sikatai, ila wengi niwajuao wana hela ya ziada.

Kama unauza, tabianchi iache mwisho. Washa majiko mawili mbele ya mteja, la zamani na jipya, aone lipi linawahi kubaki majivu.