Kijiti cha kupimia oili kwenye skuta: asubuhi kinasema hivi, jioni kinasema vile

Mkuu, umeuliza kwa nini skuta yako ya cc 125 asubuhi inaonyesha oili imejaa, jioni ukifika nyumbani imepungua, halafu kesho yake imerudi palepale. Hakuna kilichopungua. Jioni unapima injini ikiwa ndiyo kwanza imezimwa, oili bado iko huko juu kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, haijateremka. Ipe dakika mbili tatu.

Mimi kijiti hicho kimenidanganya mara mbili, na zote kosa langu.

Nilinunua skuta mtumba yenye injini ya Kichina aina ya GY6, nikawa naenda nayo kazini Paje kutoka Mjini Unguja, kilomita kama 50 kwenda tu. Kila Jumapili nachomoa kijiti, nafuta, nakirudisha na kukikaza mpaka mwisho, nachomoa tena, nasoma: ipo. Kumbe kwenye injini hizi, kama zilivyo Honda nyingi, wakati wa kupima kijiti hakikazwi. Unakitumbukiza tu kikae juu ya mdomo wa tundu. Ukikikaza kinazama zaidi, kinaloa hadi alama ya juu hata kama oili ni haba. Na injini yenyewe inabeba oili isiyofika lita moja, kwa hiyo ikipungua glasi moja tu ni pengo kubwa. Taa ya kukuonya haina. Siku moja napita Jozani nikasikia tak-tak-tak kichwani mwa injini, nikazima nikaisukuma hadi kivulini.

Kwa woga nikaenda kuongeza, skuta ikiwa kwenye stendi ya pembeni. Hapo ndipo kosa la pili. Stendi ile inailaza kushoto, kijiti kiko kulia, oili yote inakimbilia upande wa pili na kijiti kinatoka kikavu. Nikamimina, nikamimina. Kesho yake moshi wa buluu, na oili imepanda kwa mpira wa injini wa kupumulia hadi ndani ya boksi la chujio la hewa. Fundi alicheka kwanza, bei akaitaja baadaye.

Sasa nafanya hivi: sehemu tambarare, stendi kubwa ya kati, injini inanguruma dakika tatu hadi tano, nazima, nasubiri, nafuta kijiti kwa tambala safi, natumbukiza bila kukaza, nasoma. Ikiwa kati ya alama mbili, basi. Ikiwa chini naongeza kidogo kidogo na kupima upya. Napima kila wiki, na kila kabla ya safari ndefu. Skuta ya zamani inayokula oili ipime hata kila ukijaza petroli.

Ila usiichukue hii kama sheria ya skuta zote. Vespa za kisasa za Piaggio kijiti kinakazwa kabisa ndipo unasoma, kwa hiyo kitabu cha chombo chako ndicho chenye neno. Na zile Vespa kuukuu zinazochanganya oili na petroli hazina kijiti cha injini kabisa, usihangaike kukitafuta.

Ukichomoa, inuse oili pia. Ikinuka petroli, mara nyingi kabureta inavujisha. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na mvua za masika zikijaza barabara hilo si jambo la ajabu. Hapo usiongeze, mwaga yote.

Jambo la mwisho: kule nyuma kwenye gurudumu kuna oili ya gia, ni nyingine na ina tundu lake. Nimeona mtu akimwaga ile akidhani ndiyo ya injini, kisha akajaza mpya mbele juu ya ile ya zamani. Skuta iliondoka na oili mara mbili mbele, nyuma kukavu.