Huyo kijana asipande ulingoni

Asipande. Hayo ya kinga ya kichwa, glavu na kilo tatu za kupunguza yaweke kando kwanza, dada yangu. Umeuliza maswali manne, na lile zito umelitupa mwishoni kama kitu kidogo: kwamba Jumamosi mdogo wako aligongwa kwenye sparingi, yale mapambano ya mazoezi, magoti yakamlegea, tangu siku hiyo kichwa kinamuuma, na kocha anasema atakuwa sawa kabla ya mashindano ya ndondi ya Kisumu wiki mbili zijazo. Nimesoma hapo nikaacha chai ipoe.

Maneno hayohayo niliambiwa mimi, hapahapa Nakuru, mwaka 2012, nikiwa na miaka 20. Ilikuwa Jumanne jioni. Nilipangwa na mtu aliyenizidi kilo kumi hivi, kwa sababu wa uzito wangu hakuja. Nilipigwa ndoano ya kushoto, ile ngumi ya kuzungusha, juu ya sikio. Sikuanguka. Niliona weupe tu, nikasikia mlio kama wa redio iliyokosa stesheni, nikaendelea kurusha ngumi. Kocha akanisifu eti nina moyo. Kesho yake mwanga wa mlangoni ulinichoma macho, chai ikarudi yote. Nikamwambia. Akanijibu, "Konde hutolewa na konde, meza Panadol mbili uje." Nikameza, nikaenda, nikapigwa tena Jumatano na tena Alhamisi.

Ijumaa tukapanda matatu kwenda Kisumu. Tulipofika kona za Kericho nikatapika dirishani. Wenzangu wakasema ni gari, wakanipa ndimu ninuse. Nikatapika tena Awasi, na pale barabara imenyooka kabisa. Hakuna aliyejiuliza gari gani hilo linalotapisha mtu kwenye tambarare.

Sasa hapa ndipo nilipojimaliza. Asubuhi ya pambano daktari wa mashindano alinikagua. Akanimulika macho, akaniuliza kama nimeumia kichwa au nimetapika siku za karibuni. Usiku uliotangulia kocha alikuwa ametufundisha jibu: "Niko sawa, daktari." Nikalisema vilevile. Yule daktari angenizuia, hiyo ndiyo kazi yake, lakini hawezi kuona maumivu uliyoyaficha. Akatia sahihi.

Kilichonimaliza ulingoni hakikuwa konde kubwa. Walionitazama wanasema ilikuwa jabu ya kawaida, ngumi nyepesi iliyonyooka, raundi ya kwanza, ya kumpima mtu. Refa akanihesabia mpaka nane kuona kama naweza kuendelea, nikageuka nikaenda kukaa kona ya mpinzani. Hayo nimesimuliwa. Ninachokumbuka mimi ni dari ya hospitali, na mama amekaa kando ya kitanda ameshika viatu vyangu vya ulingoni mapajani. Skani ilionyesha damu imevuja kichwani. Siku tisa nililala pale. Kocha hakuja hata siku moja, nauli alikuwa nayo, kwani Jumatatu alikuwa amesharudi mazoezini anapanga wengine. Sijamsamehe na sitajifanya nimemsamehe. Mtu aliyekabidhiwa watoto wa watu hana haki ya kutojua hatari ya kichwa kilichogongwa.

Mpaka leo sisikii harufu. Mwezi uliopita sufuria ya maharagwe iliungua nikiwa nimekaa hatua mbili kutoka jikoni, jirani ndiye aliyekuja mbio. Mtoto wangu nilipompakata mara ya kwanza, watu waliniambia ananukia maziwa.

Ubongo ukishatikiswa unabaki dhaifu kwa siku nyingi, na pigo la pili kabla haujapona, hata liwe jepesi, linaweza kuufanya uvimbe au uvuje damu. Kusimama wima si dalili ya kupona. Robert Wangila, aliyetuletea dhahabu kutoka Seoul 1988, alipokuwa kwenye ngumi za kulipwa Las Vegas, Julai 1994, refa alisimamisha pambano naye akalalamika kwamba bado anaweza. Alitoka ulingoni kwa miguu yake. Akaanguka chumba cha kubadilishia nguo, hakuamka tena.

Sheria ya ndondi za ridhaa haitaki hata mjadala: bondia akisimamishwa kwa mapigo ya kichwa, siku 30 hapigani wala hafanyi sparingi. Akizimia chini ya dakika moja ni miezi mitatu, zaidi ya dakika ni sita. Na pigo la mazoezini linahesabiwa sawa na la mashindanoni. Mwulize kocha wenu kama anaijua. Akisema hiyo ni ya Ulaya, mtoe mdogo wako hapo leoleo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: kichwa kikigongwa na mtu akabadilika hata kidogo, glavu zinavuliwa, siku 30 zinaanza upya siku ambayo maumivu yameisha kabisa, na ni daktari anayemrudisha, si kocha. Siku mbili za kwanza baada ya kugongwa mtu apumzike. Baadaye atembee, akimbie polepole, aruke kamba, aende kwenye begi la kupigia ngumi, sparingi iwe ya mwisho. Kichwa kikimuuma katika hatua yoyote, anarudi nyuma.

Kinga ya kichwa uliyouliza inazuia kuchanika na uvimbe wa uso. Ubongo unagonga fuvu kwa ndani, sponji haifiki huko, na wanaume watu wazima wa ndondi za ridhaa walianza kuondolewa kinga hizo 2013. Usidhani ukinunua ya bei utakuwa umemlinda. Na kupunguza kilo tatu kwa kujinyima maji, akiwa na kichwa hicho, naomba usilitamke tena nyumbani.

Leo jioni asiende mazoezini. Mpeleke hospitali, umwambie daktari ukweli wote wewe mwenyewe, kwa sababu yeye atasema yuko sawa. Aspirini asimeze. Usiku ukiona anatapika, maumivu yanazidi, maneno yanamkwama, mboni moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, au anaamka kwa shida, usingoje kukuche, tafuta gari la kwanza.

Kisha uniandikie hapahapa kesho asubuhi ameamkaje.