Kodi ya mwezi au wageni wa usiku? Wasomaji wauliza

Nyumba yangu ya vyumba viwili Nyali ina mpangaji anayelipa shilingi 45,000 kwa mwezi. Jirani yangu hupokea wageni kwa 5,000 kwa usiku, na anasema hiyo ni 150,000 kwa mwezi. Nimtoe mpangaji? — Msomaji, Mombasa

Usimtoe bado. Jirani amezidisha 5,000 kwa siku 30, na nyumba haijai siku 30. Tuchukue usiku 15, yaani 75,000, kisha tutoe gharama.

Tuseme programu ya kutafutia wageni inakata asilimia 15: 11,250 zimekwenda. Usafi na dobi, 800 kila wageni wanapobadilishana, mara sita: 4,800. Umeme 7,000, kwa sababu mgeni wa Pwani huwasha kiyoyozi akiingia na kukisahau akitoka. Maji 2,000, intaneti 3,000, gesi na sabuni 2,500. Anayepokea wageni na kutunza funguo, 10,000. Akiba ya matengenezo 5,000, wala si nyingi: hewa ya chumvi hula sehemu ya nje ya kiyoyozi haraka kuliko unavyodhani. Jumla ni 45,550. Mkononi hubaki 29,450, kabla ya ushuru.

Mpangaji wako, ukishalipa ushuru wa asilimia 7.5, anakuachia 41,625, na umeme na maji hulipa mwenyewe.

Kwa bei hizohizo, unahitaji takriban usiku 21 kila mwezi, ushuru ukiwemo, ili ulingane na mpangaji. Na bado hatujagusa fanicha. Tuseme vitanda, magodoro, friji, runinga na mapazia vimekula 400,000. Ukitaka zirudi ndani ya miaka mitatu, ongeza karibu 11,000 kwa mwezi, nawe unafika usiku 25. Wapo wanaofikia hapo Desemba na Aprili. Mwezi wa Mei, mvua ikinyesha, ni wachache. Weka bei yako, gharama zako na usiku wa mwezi mbaya. Hesabu ya mwezi mzuri ndiyo iliyomdanganya jirani.

Ukiamua kuingia, nunua shuka jozi tatu kwa kila kitanda: moja imetandikwa, moja iko kwa dobi, moja kabatini. Wenye jozi mbili hukwama siku mgeni anapotoka saa nne asubuhi, mwingine anaingia saa nane mchana, na shuka bado mbichi kwenye kamba.

Nimekuwa nikilipa asilimia 7.5 kwa wageni wangu wa siku mbili tatu. Mwenzangu anasema nimekosea, na kwamba kuna VAT (ushuru wa ongezeko la thamani) pia. Nani yuko sahihi? — Mama wa nyumba tatu, Diani

Mwenzako. Neno “kodi” ndilo linalotuchanganya: mpangaji analipa kodi, serikali inataka ushuru. Ile asilimia 7.5, ambayo kabla ya Januari 2024 ilikuwa 10, ni ushuru wa kodi ya nyumba ya makazi, kwa mwenye nyumba mkazi wa Kenya anayepata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Wewe unauza malazi, pamoja na shuka, usafi na intaneti. Hiyo ni biashara, na iingie kwenye mapato ya biashara.

Kama mauzo yako yamepita milioni 1 kwa mwaka na hayajapita milioni 25, upo ushuru wa mauzo wa asilimia 3, unaowasilishwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hukatwa kwenye mauzo yote bila kuondoa gharama. Hapa wengi huteleza: wanaandika kiasi kilichoingia benki au M-Pesa, kumbe programu imeshakata chake. Andika alicholipa mgeni. Ukichagua badala yake kulipa ushuru wa kawaida wa mapato, utaondoa gharama, lakini tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya ushuru (KRA), haikubaliwi. Risiti ya kuandikwa kwa mkono ya dobi haitakusaidia.

Kuhusu VAT, sheria imesamehe upangishaji wa makazi, ila imetaja waziwazi kwamba hoteli na malazi ya likizo hayamo. Mauzo ya nyumba zako zote tatu yakifika milioni 5 ndani ya miezi 12, jisajili. Usipopandisha bei, katika kila 5,000 kuna takriban 690 za serikali, na 4,310 zako. Pia kuna ushuru wa utalii wa asilimia 2, unaolipwa kwa Tourism Fund, mfuko wa serikali wa utalii.

Kamati ya jengo letu Kilimani imebandika kwenye lifti kwamba wageni wa muda mfupi ni marufuku. Hatimiliki ni yangu. Wana haki hiyo? — Mwenye nyumba, Nairobi

Wanaweza kuwa nayo. Chini ya Sheria ya Sectional Properties ya 2020, inayohusu majengo ambayo kila mtu anamiliki sehemu yake, wamiliki wa jengo wanaendeshwa na shirika lao lenye kanuni, na hatimiliki haikuondoi kwenye kanuni hizo. Lakini karatasi ya lifti si kanuni. Omba kwa maandishi nakala ya kanuni na kumbukumbu za mkutano uliopitisha marufuku, kisha soma mkataba wako wa ununuzi: mara nyingi kipengele cha “makazi ya familia moja” kimekuwamo tangu siku ya kwanza.

Kamati ikikuruhusu, bado unahitaji leseni ya Tourism Regulatory Authority, mamlaka inayosimamia biashara za utalii, na kibali cha biashara cha kaunti. Mpigie pia wakala wa bima. Bima ya nyumba ya kuishi huweza kukataa dai likitokana na mgeni aliyelipa, na hilo ni bora ulijue kabla ya godoro kushika moto.