Mkopo wa siku 30, mahindi ya miezi minne

Dada mmoja wa Kongwa, Dodoma, ameandika kwamba kikundi chao cha kuweka na kukopa, cha watu 25, kimehamishia akiba kwenye simu. Sanduku la kufuli tatu limebaki kukaliwa na kuku. Hata hivyo, Mei ilipofika, karibu wote waliuza mahindi soko la Kibaigwa kwa bei ya kutupa ili kulipa mikopo ya simu. Kosa liko wapi?

Kwenye kalenda, dada. Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Mkopo wa simu unadaiwa baada ya siku 30, wakati mahindi ndiyo kwanza yanapaliliwa, hivyo unakopa huku kulipa kule. Tuseme riba ni asilimia 10 kwa mwezi: shilingi 100,000 za Desemba zinadai 150,000 Mei, hata kabla ya riba juu ya riba. Dalali akija, huna ubavu wa kubishana.

Mkopo wa pembejeo utoke kikundini, urejeshwe Oktoba. Mgawo wa akiba ufanyike Novemba mwanzoni, hela ikutane na mbegu. Mnaogawana wiki ya Krismasi mnanunua vitenge, kisha Januari mnakopa mbegu; mtanuna, lakini ndivyo ilivyo.

Ili mahindi yasubiri bei, yakauke kwanza. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi hadi theluthi na kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili tatu, acha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Yakikauka, tumia mfuko wa tabaka tatu, plastiki mbili ndani ya kiroba: kamua hewa, funga kila plastiki peke yake, ndipo ufunge kiroba cha nje. Dumuzi, wadudu watoboao mahindi ghalani, hufa kwa kukosa hewa. Ukifungua kila wiki kuchota ya kusaga, umewafufua. Ya kula yatengewe mfuko wake.

Dukani lipia pembejeo kwa lipa namba, usitoe kwanza kwa wakala na kukatwa ada. Na fedha zikae kwenye akaunti ya kikundi yenye waidhinishaji zaidi ya mmoja, si kwenye laini ya mweka hazina. Akifariki, akiba yenu itachanganywa na mirathi yake. Mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana wakati wa shida, nao utengwe, usikopeshwe hata kwa mwenyekiti: mvua ikikatika Februari, huo ndio utakaonunua unga.