Helena si hawara wa mumeo

Barua ya leo imetoka Leicester, Uingereza. Aliyeiandika ni mwanamke wa Tanga mwenye miaka 28, ameolewa na kijana wa kwao aliyehamia huko na wazazi akiwa mdogo. Ilikuwa ndefu, nimeifupisha.

"Shikamoo Somo. Mume wangu ana miaka 35, ana kazi nzuri na tuna mtoto mmoja, lakini ana mambo yananitisha. Anasikiliza muziki wa kelele wa wazungu, wanauita emo. Ana fulana nyeusi zenye picha za mifupa. Amenunua tiketi mbili za bendi iitwayo My Chemical Romance, uwanja wa Wembley, London, Julai 2026. Aliniomba niende naye nikakataa, sasa anakwenda na wenzake aliosoma nao, na mmoja wao ni mwanamke. Kwenye simu yake nimekuta yule mwanamke amemwandikia: 'Usisahau wanja wako, tukutane getini.' Mwanamume mzima apake wanja! Kuna wimbo wa mtu anaitwa Helena, kila akiuweka kwenye gari machozi yanamtoka. Nikimuuliza Helena ni nani, kimya. Nilikusanya fulana zake kuukuu nikazipeleka duka la misaada, akaninunia wiki nzima. Mama mkwe, tunayekaa naye mtaa mmoja, hanisaidii. Ananiambia nimwache, eti nyimbo hizo alianza kuzipenda mwaka aliofariki bibi yake huko Tanga na wao wakashindwa kwenda kuzika kwa sababu ya makaratasi. Somo, huu si ushetani? Nidai talaka, au nirudi nyumbani kwanza?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa upweke wa ugenini. Nyumba ya nchi ya baridi, saa kumi jioni ya Desemba, giza limeshaingia, mume bado yuko kazini na mtoto analia, hilo si jambo dogo. Pole hiyo naitoa kwa moyo wangu wote. Sasa tuseme kweli.

Umeniandikia mistari na mistari juu ya wanja na mifupa, na juu ya kugawa nguo za mtu bila ruhusa yake umeandika mmoja tu, tena kwa haraka, kama mtu anayepita mlango asitake kuonekana. Na habari ya bibi yake umeitaja mwisho kabisa, kumshitaki mkweo. Mimi nimeona hapo ndipo barua yako ilipo.

Nianze na huyo Helena anayekunyima usingizi. Bendi ile iliundwa New Jersey, Marekani, mwaka 2001. Mwimbaji ni Gerard Way, na mdogo wake Mikey anapiga gitaa la besi. Walikuwa na bibi yao aitwaye Elena, ndiye aliyemfundisha Gerard kuimba na kuchora. Elena akafariki mwaka 2003. Wimbo unaomliza mumeo umetungwa kwa ajili yake, na Gerard mwenyewe ameeleza kuwa ndani yake anajigombeza: kwa nini hakuwa karibu na bibi yake katika mwaka wake wa mwisho. Itafute video yake uitazame. Ni mazishi kanisani, bendi nzima imevaa suti nyeusi, mwisho wanalibeba jeneza wao wenyewe mabegani na kutoka nalo mvuani, huku wachezaji wenye miamvuli wakiwazunguka. Wimbo huo ulitoka kama singo mwaka 2005.

Hesabu basi, mwanangu. Mwaka 2005 mumeo alikuwa na miaka 14 au hapo karibu. Kama mkweo anasema kweli, na sioni sababu ya kumshuku, basi mtoto yule alipata habari ya msiba kwa simu. Hakushika jeneza, hakukaa matanga, hakusikia hitima ya bibi yake. Na mtoto wa kiume kwetu akilia anaambiwa jikaze. Halafu akatokea kijana wa mbali, mwenye nywele usoni na wanja machoni, akaimba mbele ya dunia nzima kwamba hakuwepo bibi yake alipokuwa anaondoka. Wewe ungekuwa mtoto huyo ungeshika nini?

Ananyamaza ukimuuliza kwa sababu unamuuliza kama polisi. Mtu anayeulizwa "Helena ni nani?" kwa sauti ya kumtafuta hawara hawezi kujibu "ni bibi yangu" akabaki na heshima yake.

Hilo la ushetani umelichukua wapi? Waingereza wenyewe walishapitia homa hiyo. Mwaka 2008, baada ya msiba wa binti mmoja, gazeti la Daily Mail liliandika kwamba emo ni kama dhehebu linalowavuta watoto kujiua. Mwisho wa Mei mwaka huo washabiki waliandamana London dhidi ya gazeti hilo, wengi wao watoto wa shule, na baadhi wamesindikizwa na mama zao. Bendi nayo ikatoa tamko kwamba nyimbo zake ni za kumpa mtu nguvu ya kuendelea kuishi, na ikamtaka kila mwenye mawazo mabaya atafute msaada. Ile mifupa unayoiogopa inatoka kwenye albamu yao ya 2006, The Black Parade. Kisa chake ni cha mgonjwa anayekata roho, na mauti yanamjia kwa sura ya kumbukumbu aliyoipenda kuliko zote: siku baba yake alipompeleka mjini kutazama gwaride. Wimbo mkuu wa albamu hiyo ulishika namba moja Uingereza Oktoba 2006, kwa hiyo mumeo hakuwa peke yake.

Na neno hilo la ushetani lina uzito, usilitupe ovyo. Mwaka huo huo wa 2008, huko Querétaro, Mexico, kundi la watu liliwavamia vijana wa emo likawapiga hadharani kwa sababu ya nywele na suruali za kubana. Mwaka 2012 Iraki, baada ya wizara ya mambo ya ndani kuuita mtindo huo wa kishetani, vijana walitekwa na kuuawa Baghdad. Ilianza kwa maneno kama haya yako, ya nguo na wanja.

Na wanja wenyewe! Wewe ni mtoto wa Tanga. Hujaona wazee wa mwambao waliopaka wanja siku ya Idi? Hujaona Waomani, wanaume wenye ndevu zao na majambia kiunoni, macho yamekolea? Hakuna aliyewaambia wamepotoka.

Wewe hukulelewa kwenye taarabu? Mama zako hawakushona sare, wakagawanyika huyu wa kikundi hiki yule wa kile, wakasimama kwenda kumtuza mwimbaji huku machozi yanawatiririka kwa beti lililowagusa? Nani aliwadai talaka kwa hilo? Mumeo analia kwenye gari lake akiwa ametulia, na bili zimelipwa. Hukuniandikia hata mahali pamoja kwamba kodi ya nyumba imechelewa au mtoto amekosa maziwa. Kwa malalamiko uliyonayo, ingekuwa ipo ungeiandika.

Simwagi sifa kwa muziki wote ule. Ulichipuka Washington DC katikati ya miaka ya 1980, vijana wa panki, muziki wa magitaa ya kasi na hasira, waliochoka na ngumi za ukumbini wakaanza kuimba yaliyo moyoni; Rites of Spring ndiyo bendi inayotajwa kwanza. Mwaka 2001 Jimmy Eat World wa Arizona, waliokuwa wameachwa na kampuni yao, walirekodi albamu kwa fedha zao wenyewe, na ikauza zaidi ya nakala milioni Marekani peke yake. Zikafuata bendi za Fall Out Boy, Paramore na nyingine, na humo ndani mlikuwa na wanaume wengi walioimba kila kukicha kwamba mwanamke ndiye aliyewaharibia maisha. Hayley Williams wa Paramore mwaka 2018 alisema ataacha kwa muda kuuimba wimbo wake maarufu kuliko zote, kwa sababu una mstari wa kumtukana mwanamke mwenzake, aliouandika akiwa kigoli. Huo ni uungwana, na wanaume wa fani ile wangefaa kumuiga. Na huyo Gerard unayemdhania shetani aliacha pombe na vidonge mwaka 2004, akaoa Septemba 2007 nyuma ya jukwaa mwishoni mwa ziara, na ana binti.

Sasa kuhusu mwanamke wa getini. Umeandika mwenyewe kwamba ni kundi la watu waliosoma pamoja. Ile My Chemical Romance wanayoipenda ilivunjika Machi 2013, ikarudi jukwaani Los Angeles Desemba 2019, wakauza tiketi za onyesho la Milton Keynes, hapo Uingereza, korona ikaingia, na watu wakashikilia tiketi hizo toka 2020 hadi Mei 2022 ndipo wakaingia uwanjani. Wanaokwenda leo ni watu wazima wenye rehani za nyumba na watoto, wanaokumbuka walivyokuwa wakichekwa shuleni. Hao ndio waliomfuta mumeo machozi wewe ukiwa bado unacheza kombolela Tanga. Mume aliyepanga zina hamwombi mkewe kwanza aende naye. Tiketi ya kwanza ilikuwa yako. Wewe ndiye uliyekiacha kiti wazi, sasa unamuuliza kwa nini kimekaliwa.

Hapa nitasema na wengine wanaosoma, maana barua za namna hii zinazidi. Ndoa za siku hizi zinataka mtu asiye na jana. Unamwoa au unaolewa naye kwa picha za WhatsApp na simu za usiku, ukifika kwake unakuta ana miaka thelathini aliyoishi bila wewe: marafiki, nyimbo, misiba, fulana. Badala ya kukaa uulize, unafungua simu yake. Zamani mtu uliyeolewa naye mlijuana ukoo mzima, bibi wa bwana harusi ulimjua kwa jina na ulijua amezikwa wapi. Leo mwanamke analala na mwanamume miaka mitatu hajui ni msiba gani uliomvunja. Halafu mtu anafunga mizigo, anarudi kwao, anasema hatukuelewana.

Hukumu yangu ni hii. Talaka huna, na Tanga usiende. Kesho asubuhi nenda kwenye duka lile la misaada uulize kama fulana zake bado zipo. Zikiwepo zinunue hata kwa bei yao. Kama zimeuzwa, mwambie mumeo waziwazi: nilikukosea, nilitoa kitu kisicho changu. Usiongeze "lakini". Kisha muulize bibi yake alikuwa mtu wa namna gani, alipika nini, alimwita kwa jina gani, na akianza kusema usimkatize. Mwambie mkweo mfanye hitima ya marehemu hapo hapo Leicester, ile aliyoikosa. Pika wewe.

Ukisikia kutoka kwake mwenyewe maneno ya kuchoka kuishi, hilo ni jambo jingine. Siku hiyo hiyo mpeleke kwa daktari wenu, na usiku pigeni Samaritans, simu ya kuwasikiliza waliokata tamaa, 116 123, ni bure. Lakini kwa uliyoniandikia sijaliona hilo. Nimeona mtu mwenye huzuni ya zamani na mke asiyeuliza.

Wale wenzake wa shule waalike nyumbani kabla ya Julai, na yule mwanamke awe wa kwanza kukaribishwa. Mpe wali wa nazi, mtazame usoni, msikilize anavyomsema mumeo. Ukiona kasoro baada ya hapo niandikie tena nami nitakuwa upande wako. Tiketi kama bado zinapatikana itafute moja, uende na buibui lako na vizibo vya masikio, maana kelele ni kelele. Na mtoto mwachie bibi yake usiku huo, mkweo hatakataa.