Lori kuukuu linachemsha: maswali yenu na majibu

Swali: Nimenunua lori la mitumba. Likiwa kwenye mwendo halina shida, ila nikikaa kwenye foleni mshale wa joto unapanda. Fundi anataka tubadilishe rejeta. Nimkubalie?

Jibu: Msubirishe kwanza. Gari likikimbia, upepo wa njiani unaipoza rejeta, yaani kifaa cha mbele kinachopoza maji ya injini. Likisimama, kazi yote inabaki kwa feni, kwa hiyo anza nayo. Kama feni yako inaendeshwa na injini kupitia klachi yake (si ile ya gia, bali kiungo cha katikati kinachoishika feni izunguke), zima injini ikiwa ya moto, tia ufunguo mfukoni, kisha zungusha panga la feni kwa mkono. Linapaswa kuwa zito. Likizunguka kirahisi mara kadhaa, klachi imekufa. Mafuta yaliyoganda na vumbi katikati ya klachi ni ushahidi mwingine. Tazama pia kava linaloizunguka feni, maana kwenye malori ya zamani mara nyingi limevunjika au mtu alilitoa akaona halina kazi. Bila kava, feni inarudia kuzungusha hewa ileile ya moto.

Swali: Langu ni kinyume chake. Foleni halisumbui, linachemsha likipanda mlima na mzigo.

Jibu: Hapo sasa rejeta inahusika. Kama lori lina kiyoyozi, chungulia kati ya rejeta na kondensa, ile rejeta ya kiyoyozi iliyo mbele yake. Uchafu hujificha humo, na ukitazama kwa mbele utaona kusafi kabisa. Osha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa sababu presha kubwa inalaza vile vibati vyembamba na kuziba njia ya hewa. Kama nje ni safi, huenda mirija ya ndani imeziba kwa kutu. Kipimajoto cha kuelekeza, kinachopima bila kugusa, kitakuonyesha sehemu za rejeta zilizobaki baridi wakati nyingine zinaunguza. Kisha mwambie mtu akanyage mafuta huku wewe ukiangalia mpira wa chini wa rejeta, mikono ikiwa mbali na feni. Ukinywea, maji hayafiki kwenye pampu kwa kasi inayotakiwa: mpira umelegea au rejeta imeziba.

Swali: Nimeambiwa ning'oe thamostati, tatizo litaisha.

Jibu: Usiing'oe. Thamostati ni vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata moto. Ushauri huu umezeeka kuliko malori yenyewe. Kwenye injini nyingi za lori, thamostati ikifunguka huwa pia inafunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta, na injini inaweza kuchemsha zaidi. Likiwa halina mzigo nalo litakimbia baridi, litakula dizeli na kuchafua oili. Ipime: itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, pasha moto polepole. Nyuzi joto zimegongwa kwenye mwili wake, nyingi ni kati ya 82 na 90. Isipofunguka hapo, nunua mpya.

Swali: Kila siku naongeza maji lakini chini hakuna hata tone.

Jibu: Anza na kitu cha bei ndogo, mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima hushikilia presha, na presha ya takriban bar 1 husogeza kiwango cha maji kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Springi yake ikichoka, maji yanachemka mapema na kutokea kwenye mpira wa kumwagia, nawe uko barabarani huoni kitu. Kagua pia kitundu kilicho chini ya pampu ya maji. Alama za chumvi hapo zinasema sili imekwisha. Zulia la sakafuni lenye unyevu ndani ya kabini linaelekeza kwenye hita kuvuja.

Vyote vikiwa vizima, ogopa gasketi ya silinda hedi, kile kiziba kilicho kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, washa, tazama ndani. Mapovu yasiyokoma kabla maji hayajapata moto ni gesi ya silinda. Chomoa na stiki ya oili: ikiwa na rangi ya maziwa, lori lisiwashwe tena mpaka lifunguliwe. Ila oili safi haikuhakikishii kwamba gasketi ni nzima.

Swali: Maji matupu yanatosha?

Jibu: Kwa kufika gereji, ndiyo. Kwa kila siku, weka kulanti (dawa ya maji ya rejeta) aliyoitaja mtengenezaji, kwa kawaida nusu kwa nusu na maji yaliyotolewa madini. Dizeli nyingi kubwa zina silinda zinazoguswa na maji moja kwa moja. Mtetemo wake huzaa vipovu vinavyochimba chuma hadi kikatoboka, na dawa ya kuzuia hilo imo kwenye kulanti.