Re: Farasi wangu wa miaka 2 kainuka nyuma, ana kasoro?

Ndugu, tulia, hana kasoro. Umesema nyonga zimepita mabega na anatembea kama anashuka mlima. Farasi wengi hukua hivyo, kwa zamu: nyuma inapanda, mbele inafuata, kisha nyuma tena. Wangu alifanya mchezo huo mpaka karibu miaka 4, na kuna miezi nilikuwa naona aibu kumpiga picha.

Kimo kisikudanganye. Mifupa hukomaa kuanzia chini kwenda juu. Karibu na kwato hukomaa mapema, goti hufuata kwenye miaka 2 na nusu hivi, na uti wa mgongo ndio wa mwisho, miaka 5 na nusu au zaidi. Yaani pale unapotaka kuweka tandiko ndipo panapochelewa kuliko pote! Kwa hiyo swali lako la kumpanda sasa, mimi ningesubiri. Mfundishe kuongozwa na kusimama kwa utulivu, na muda mwingi awe huru malishoni. Kumzungusha kwenye duara dogo kwa kamba ndefu usizidishe, viungo vinaumia.

Chakula cha nafaka usimrundikie ili "ajaze" mbele. Akikua kwa kasi mno, mifupa ndiyo inayolipa.

Ila ukiona uvimbe wenye joto juu ya goti au kifundo, au anachechemea, hapo mwite daktari wa mifugo.